Doti Moja, Watoto Watatu na Juni ya London: Tathmini ya Kanga katika Matembezi ya Familia

Kila mwaka, mwezi Mei unapoelekea ukingoni na shule za Uingereza zinapofungwa kwa wiki moja ya mapumziko ya katikati ya muhula, nyumba yetu ya kusini mashariki mwa London huingiwa na homa ya kununua vitu vya matembezi. Katika kabati lililo chini ya ngazi mna mkeka wenye mgongo wa plastiki, viti viwili vya kukunja, kimoja kikiwa kimekatika mguu, taulo tatu zenye kofia, kibanda cha ufukweni ambacho hufunguka chenyewe kufumba na kufumbua na kisha hukataa kukunjwa kwa nusu saa, pamoja na kibebeo cha mtoto chenye mikanda na vifungo vingi kiasi kwamba mume wangu hulazimika kutazama video kabla ya kukivaa. Mwaka huu, nikiwa na binti wa miaka saba, mvulana wa miaka minne na kitindamimba wa miezi tisa, niliamua kuliacha kabati hilo limefungwa na kutoka na doti moja tu ya kanga kwa wiki nne, kuanzia mapumziko hayo hadi siku zile za Juni ambapo jua la huku husahau kuzama, kisha niandike bila upendeleo ni wapi ilitufaa na ni wapi ilituangusha.

Doti yenyewe ililetwa na mama mkwe mwaka jana alipokuja kumpokea mjukuu wake, naye aliichagua kwa mikono yake katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam. Ni pamba tupu. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, ni mwekundu wa kuiva wenye vidoa vyeupe, pindo lake ni jeusi lenye korosho kubwa katika pembe zote nne, na jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kila kipande kina urefu wa takriban sentimita 150 na kimo cha takriban sentimita 110, kama zilivyo kanga nyingi, na nilipokipima kipande kimoja kwenye mizani ya jikoni hakikufika gramu 200, ilhali taulo moja ya mtoto ilizidi 400. Gramu mia mbili si kitu kwa mtu aliyekaa jikoni, lakini ni kitu kikubwa kwa mtu mwenye mtoto mgongoni, chakula cha watu watano begani, na mkononi skuta ya mvulana aliyeapa asubuhi kwamba ataiendesha mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Anayetaka kuijaribu asiingie barabarani na kanga siku ileile anayoitoa kwenye mfuko. Kanga mpya ina dondo inayoifanya iwe ngumu na isinyonye maji, na vipande vyake viwili huuzwa vikiwa bado vimeshikana, hivyo ni lazima vikatwe na kupindwa ndipo vifae. Nilivipinda kwa cherehani yangu, nikailoweka doti yote usiku kucha, nikaifua peke yake mara mbili, na maji ya kwanza yalitoka mekundu kama yaliyolowekwa ubuyu wa Unguja. Hatua hii si ya kurukwa. Miaka mitatu iliyopita niliiruka kwa haraka zangu, nikatia kanga mpya pamoja na nguo za shule, na binti yangu akaenda darasani wiki nzima na mashati ya rangi ya waridi ambayo yeye aliyapenda na mwalimu wake aliyavumilia.

Nina doti ya pili pia, niliyoinunua hapahapa London katika duka moja la vitambaa kwa pauni 15, na nimeitumia katika tathmini hii kama kipimo cha kulinganishia. Muuzaji aliniambia ni pamba, nami sikuuliza mara mbili. Nilipofika nyumbani nilichomoa uzi mmoja kwenye ukingo, nikauwasha juu ya sinki: uzi wa pamba huwaka kwa mwali, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na huacha majivu laini, lakini huu ulijikunja, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ilikuwa polista. Rangi zake zinang'aa, haikunjamani na hukauka upesi, lakini mtu akijifutia maji hubaki na maji yake, na fundo lake huteleza lenyewe kidogo kidogo kama mtu anayetoroka mkutano. Kwa kujitanda ndani ya nyumba inafaa. Kwa kumbebea mtoto sikuthubutu hata mara moja, wala simshauri mtu.

Kazi ya kwanza niliyoipa ile ya pamba ni mbeleko, na sababu yangu ilikuwa basi. Mabasi ya London yana nafasi moja ya wazi karibu na mlango wa katikati, na nafasi hiyo kwanza ni ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kama inavyostahili. Mzazi mwenye kigari cha mtoto huruhusiwa kukaa hapo nafasi ikiwa tupu, na mwenye kiti akipanda, mzazi hukikunja kigari au hushuka. Kukunja kigari basi likiwa linakwenda, huku mtoto mmoja amekushikilia sketi na mwingine analia kwa kuwa ameangusha zabibu, ni mtihani ambao sijawahi kuufaulu. Kwa mbeleko mtu hupanda kwa mlango wa mbele, hugusa kadi yake na kwenda zake. Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye mabasi hayo, hivyo safari ya familia nzima ilikuwa nauli ya watu wazima wawili tu.

Namna ya kumfunga mtoto nilifundishwa na shangazi yangu Tanga, na mikono inakumbuka hata pale kichwa kinaposahau. Mama huinama hadi mgongo uwe kama meza, humtelezesha mtoto juu kutoka kiunoni, hutandaza kanga juu yake, ukingo wa juu ukipita chini ya makwapa ya mtoto na ukingo wa chini ukimshika chini ya makalio hadi nyuma ya magoti, kisha hukaza ncha za juu na kuzifunga juu ya matiti, huzikusanya zile za chini na kuzipiga fundo la pili kiunoni, na ndipo huinuka taratibu huku akirusharusha mabega kidogo ili mtoto akae. Kitindamimba wetu, ambaye ndani ya kigari hulia kana kwamba tumemuuza, alilala kabla hatujafika kituoni. Nasisitiza kwamba yeye ana miezi tisa na shingo yake imekomaa. Kwa mtoto mchanga kabisa mambo ni mengine: huyo hubebwa kifuani, uso ukionekana wakati wote na kidevu kisigandamane na kifua, na kwa umri huo ningekimbilia kibebeo kilichotengenezwa na kupimwa kwa ajili hiyo bila kuona aibu yoyote ya kimila.

Wala sitadanganya kuhusu mabega. Kwa dakika arobaini za kwanza mbeleko ni raha. Baada ya hapo uzito wote hukusanyika mahali pamoja kifuani na mtu huanza kutembea kama mzee wa kijiji anayekagua shamba. Kibebeo chenye vifungo huupeleka uzito kiunoni, na katika matembezi yanayozidi saa moja hakina mpinzani. Mume wangu, aliyekulia Mombasa na ambaye kwake kitu hiki kinaitwa leso wala si kanga, alikataa kumbeba mtoto mgongoni mbele ya watu, akakubali kumbeba ubavuni kwa fundo la begani, na baada ya siku mbili ndiye aliyekuwa akiulizia leso iko wapi kabla hatujatoka.

Jumamosi ya kwanza tulipanda basi namba 185 kutoka Catford kwenda kwenye bustani za Horniman, mahali ambapo familia zenye watoto wadogo na fedha kidogo zinapafahamu vizuri. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1901 na Frederick Horniman, mfanyabiashara wa chai, aliyeyakabidhi kwa wakazi wa London, na kuingia humo na bustanini ni bure. Baadhi ya sehemu za ndani ndizo hulipiwa. Ndani ya basi nilikuwa nimesimama, mgongo wangu na jina la kanga vikiwa vimemwelekea binti yangu, naye akaanza kulisoma kwa sauti, herufi moja moja, kwa matamshi ya mtoto aliyejifunza kusoma Kiingereza kwanza. Alipofika kwenye NJOO alikwama. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kiti cha nyuma akamsaidia kwa Kiswahili safi cha Kongo, akamwuliza, "Na wewe, binti, ni mgeni ao mwenyeji?" Binti yangu alifikiri muda mrefu, akajibu, "Mimi ninakaa Catford." Basi zima halikuelewa kilichotuchekesha. Tangu siku hiyo mtoto huyu, ambaye hufungua vitabu vya Kiswahili kwa kulazimishwa, husoma kila kanga anayoiona, na hilo ni jambo ambalo mkeka wenye mgongo wa plastiki haujawahi kutufanyia.

Bustanini, hata hivyo, mkeka huo ulitukumbusha thamani yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nyasi za mwanzo wa Juni ni ndefu na zina maji hata pale juu panapoonekana pakavu. Tulitandika kipande kimoja chini ya mti, mandhari ya jiji lote yakiwa mbele yetu, tukafungua maandazi, mayai ya kuchemsha na kachori, na kabla ya yai la pili kumenywa kila mmoja wetu alikuwa na duara la maji kwenye makalio. Kanga haizuii unyevu wa ardhini, kwisha. Safari zilizofuata nilibeba mifuko miwili mikubwa ya takataka, mipya, nikaipasua na kuitandaza chini ya kanga, na tatizo likaisha kwa senti chache. Anayetaka kifaa kinachojitosheleza ajue kwamba hapa hakijitoshelezi.

Jioni ile nilimtumia mama mkwe picha yetu tumekaa chini ya mti. Alipiga simu papo hapo, wala hakusalimia. "Mwanangu, nguo ya kumsitiri mtu ndiyo unaikalia?" Nilijaribu kumweleza habari ya jaribio langu, naye akanisikiliza kwa ukimya ule wa watu wa pwani ambao ni mkali kuliko karipio. Alikuwa na haki. Kanga hiyohiyo humpokea mtoto anapozaliwa, hujitandwa msibani na huswaliwa nayo, na si adabu kuitoa chini ya viatu vya mvulana wa miaka minne kisha kuitupia kichwani. Tulikubaliana kugawana vipande: nilishona msalaba mdogo wa uzi wa manjano kwenye pembe ya kipande kimoja, hicho kikawa cha chini, yaani cha kukalia, kufutia na kusimamishia kivuli, na cha pili kikabaki cha mwilini, cha mbeleko, cha kunyonyeshea na cha kujistiri. Hakuna aliyeruhusiwa kuvibadilisha. Kwa namna hiyo niligundua kwamba kuuzwa doti, yaani vipande viwili, kuna manufaa ambayo sikuwahi kuyafikiria.

Sehemu ambapo kanga ilishinda bila ubishi ni Granary Square, nyuma ya stesheni ya King's Cross, kwenye uwanja wenye chemchemi zaidi ya 1,000 zinazoruka kutoka sakafuni na ambazo watoto wa jiji zima huziogelea wima siku za joto. Hakuna kiingilio, hakuna chumba cha kubadilishia nguo, na kuna wazazi mia moja wanaojaribu kumvua mtoto aliyelowa bila kumwanika mbele ya kadamnasi. Nilizungusha kanga shingoni mwa mvulana wetu, nikafunga ncha mbili kisogoni kama wanavyofungwa watoto kwetu wakitoka kuoga, na ikamfunika hadi vifundoni. Ndani ya hema hilo alivua, akafutwa na kuvaa upya bila mtu kuona ugoko. Zoezi hilo lilifaulu mara tatu. Mara ya nne chemchemi zilipanda ghafla, naye akapiga kelele ya furaha, akachomoka na kukimbilia majini akiwa vilevile alivyozaliwa, nikabaki nimeshika kanga yenye umbo la mtoto asiyekuwemo. Hilo si kosa la kanga.

Kwa kufutia maji, pamba iliyofuliwa mara kadhaa hunywa maji kwa wepesi, na ingawa kipande kimoja hulowa chote baada ya watoto wawili, nilikikamua, nikakitundika kwenye uzio wa chuma penye jua, na tulipomaliza kula kilikuwa kikavu. Taulo la jirani yetu lilirudi nyumbani likiwa limelowa ndani ya mfuko, na kila mzazi anajua harufu ya mfuko huo siku ya Jumatatu.

Margate ilikuwa safari kubwa zaidi. Kutoka St Pancras kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu, na mtu akishuka stesheni bahari iko mbele yake. Kwa aliyekulia Tanga, bahari ya Kent mwezi Juni ni tusi. Maji yake ni baridi kiasi kwamba mguu hupoteza fahamu kabla ya kufika magotini, lakini watoto waliozaliwa huku hawana habari hiyo, wakaingia na kutoka mpaka midomo ikawa ya zambarau. Kwenye ghuba ya Walpole, mwendo wa kutosha kutoka mjini, kuna bwawa kubwa la maji ya bahari lililojengwa mwaka 1937, ambalo hujazwa upya na maji yanapokupwa na kujaa, na huko ndiko mawimbi hayawezi kumchukua mtoto. Ndiko pia upepo ulikotupa somo. Kanga nyepesi ni tanga. Kipande cha chini kiliinuka na chakula juu yake, kikaenda na sahani mbili za karatasi kwa familia ya jirani, ambao walikirudisha wakicheka. Dawa yake ilikuwa rahisi na ya kale: nilichukua kokoto nne, nikaviringisha kila moja ndani ya pembe na kuipiga fundo, na haikutikisika tena hadi jioni. Wakati wa kuondoka tulifungua mafundo, tukaikung'uta mara moja, na mchanga wote ukabaki Margate. Yeyote aliyewahi kusafiri na taulo la manyoya lililojaa mchanga ataelewa kwa nini nimeipa alama hii peke yake sentensi mbili.

Huko huko ndiko nilikopata hofu ya dakika nne. Binti yetu alikwenda kuosha miguu, akarudi kwa njia nyingine, na ufuo mzima ulikuwa na mikeka ya bluu na vibanda vya bluu vilivyofanana kama vifaranga. Mume wangu alikuwa tayari amekimbia upande mmoja nilipomwona anakuja kwa utulivu, amebeba kome mkononi, akashangaa kwa nini mama yake analia. "Niliangalia nyekundu," alisema. Ufuo ule haukuwa na nyekundu nyingine.

Kuna mambo mawili kuhusu jua ambayo nayasema kwa uzito, kwa kuwa nimeyaona yakifanywa na akina mama wenzangu wenye nia njema. La kwanza ni kufunika kigari cha mtoto kwa kanga ili apate kivuli. Kitambaa, hata kiwe chepesi vipi, huzuia hewa, na joto ndani ya kigari hupanda upesi kuliko mtu anavyodhani; wataalamu wa usalama wa watoto wachanga nchini Uingereza hushauri kutumia mwavuli unaofungwa kwenye kigari, au kuhamia kivulini. La pili ni kudhani kwamba kanga iliyolowa juu ya mabega ya mtoto inamkinga na miale. Pamba nyembamba ikilowa huipitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu. Losheni ya kuzuia jua ilikuwamo mkobani mwetu safari zote, na ngozi zetu nyeusi hazikutupa ruhusa ya kuiacha.

Kwa kunyonyesha, sina la kulalamika. Kanga hujitandwa kwa mkono mmoja, mtoto huingia chini yake, na mama hubaki akizungumza na watu kama kawaida. Vile vitambaa maalumu vya kunyonyeshea vinavyouzwa na waya shingoni nimevitumia kwa watoto wawili wa kwanza, na sijui nilikuwa nafikiri nini.

Sasa nifike kwenye jina, kwa kuwa katika bidhaa hii jina ni sehemu ya bidhaa. Wiki ya tatu shule ilikuwa na siku ya michezo, wazazi wakialikwa kukaa kwenye nyasi na kula na watoto baada ya mbio, na doti yangu ya pamba ilikuwa kwenye kamba. Nikachukua ile ya polista bila kuisoma. Niliitandika karibu na mama mmoja wa Kimombasa ambaye mtoto wake yuko darasa moja na wa kwetu, na ambaye wiki iliyotangulia tulikuwa tumetofautiana kidogo kuhusu zamu za kuwachukua watoto. Nilimsalimia, akaitikia kwa ncha ya ulimi. Aliendelea kuitazama nguo yangu, kisha akakusanya sahani zake kimyakimya na kuhamia upande wa pili wa uwanja. Ni binti yangu, mwenye tabia yake mpya ya kusoma, aliyenifumbua macho. "Mama, hasidi ni nini?" Nilitazama chini. HASIDI HANA SABABU, kwa herufi kubwa, na nilikuwa nimeitandika ikimwelekea yeye.

Watu wasio wa pwani wataona hili ni dogo. Sisi tunajua kwamba mwanamke anaweza kununua kanga kwa ajili ya sentensi moja tu na kuivaa mara moja tu, siku ileile, mbele ya mtu yuleyule. Ilinichukua simu mbili na sahani ya visheti kumshawishi kwamba sikuwa na ujumbe, na mpaka leo nadhani ameniamini robo tatu. Kwa hiyo, kwa mnunuzi wa doti ya matembezi, hasa katika miji ya ugenini ambako mtu hajui ni nani anasoma Kiswahili, nashauri jina la heri au la ukarimu. Mafumbo na mipasho yaachwe kwa shughuli zinazoyataka.

Kazi ya mwisho ya kanga yetu sikuipanga. Karibu na tarehe 21 Juni jua huzama London saa tatu na dakika ishirini usiku, nami nikisema saa tatu usiku kwa Kiswahili huku chumba kimejaa mwanga wa jioni, hata mimi hujiona ninasema uongo. Mvulana wetu hakubali kulala mchana, na kwake mchana ni wakati wowote anapoona rangi ya ukuta. Pazia letu ni jepesi. Nilibana kipande cha mwilini juu yake kwa vibanio vya nguo, chumba kikawa chekundu kama ndani ya komamanga, na akapatwa na usingizi ndani ya dakika kumi na tano badala ya saa moja na nusu. Haiwi giza kamili, na pazia zito lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, ila pazia zito haliondolewi asubuhi likaenda kumbeba mdogo wake.

Baada ya wiki nne na kufuliwa mara zisizopungua kumi na mbili, kwa mashine na maji ya nyuzi 30, mji umefifia kidogo kutoka nyekundu ya kuiva hadi nyekundu ya tofali, pindo halijabadilika, na kitambaa kimelainika hadi kuwa kizuri kuliko kilipokuwa kipya. Kipande cha chini kina doa la stroberi ambalo halitoki na alama za nyasi ambazo zimegoma nusu. Upindo wangu umefumuka kwenye pembe moja, ile ya msalaba wa manjano, na hilo ni kosa la mshonaji. Kutoka kabatini, katika muda wote huo, tulirudisha kitu kimoja tu: kibebeo chenye vifungo, kwa siku za kutembea kutwa. Kibanda cha ufukweni nimekitangaza kukigawa bure, na hadi sasa hakuna aliyekuja kukichukua.

Wiki iliyopita nilimpigia mama mkwe kumwomba anitafutie doti nyingine, pamba tupu, na nikamwomba auchome uzi kabla ya kulipa. Alisema wenye duka wanamjua na hatawasha moto dukani kwa watu. Kisha akauliza ninataka jina gani. Nikamwambia lolote analoona yeye, mradi lisiwe na hasidi ndani yake.